Kofia ya Presto na Hesabu za Dadu: Jinsi Mashujaa wa Televisheni Walivyoingizwa Kwenye Kanuni za Mchezo

Jumamosi asubuhi, tarehe 17 Septemba 1983, watoto wa Marekani waliofungua kituo cha CBS waliwaona wenzao sita wakipanda kigari kwenye bustani ya burudani. Kigari kikaingia katika pango la kuchezea, giza likatanda, na walipotokeza upande wa pili hapakuwa na bustani tena. Palikuwa na nchi ngeni, joka la vichwa vitano likiwatolea macho, na mzee mfupi wa joho jekundu aliyezuka ghafla kumgawia kila mmoja silaha na cheo. Hank akapewa upinde, akaitwa Mlinzi wa Nyika. Bobby, kitinda mimba wa kundi, akapewa rungu na kuitwa Mbabe wa Porini. Eric akapata ngao ya Mpanda Farasi, Sheila joho la Mwizi, Diana fimbo ya Mwanasarakasi, na Presto, kijana wa miwani, akaangukiwa na kofia ya Mwanamazingaombwe.

Katuni hiyo iliitwa Dungeons & Dragons, jina lilelile la mchezo uliokuwa ukiuzwa madukani. Kwa mtoto aliyekuwa hajui mchezo wenyewe, vyeo vile vilikuwa mbwembwe tu. Kwa kaka yake aliyelimbikiza vitabu vya kanuni chini ya kitanda, kila cheo kilikuwa na ukurasa wake. Mwanasarakasi na Mpanda Farasi walikuwa hata hawajakauka wino: kanuni zao zilichapishwa katika jarida la Dragon mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 1983, zikaja kuingizwa katika kitabu cha Unearthed Arcana mwaka 1985.

Kwa hiyo kanuni ndizo zilizozaa katuni. Haikuchukua muda wachezaji wakataka safari ya kurudi: wamtoe Presto kwenye kioo, wamketishe mezani, wamwandikie nambari zake. Hapo ndipo walipokwama. Kofia ya Presto ilikuwa maarufu kwa kutoa kila kitu isipokuwa kile alichoomba. Katika kanuni za wakati ule, mchawi alihifadhi mizungu yake kichwani kabla ya safari, na mzungu ukitamkwa ulifanya kama ulivyoandikwa. Kitabu kilijua kumpima mchawi hodari na mchawi mchanga. Mchawi ambaye kuboronga ndiko kunakomfanya awe yeye hakuwa na pa kuandikwa.

Namna ya kumwandika mtu wa aina hiyo imewashughulisha watunga michezo kwa miaka zaidi ya arobaini.

Karatasi, kalamu na sifa sita

Mchezo wenyewe ulitoka mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Waandishi wake, Gary Gygax na Dave Arneson, walikuwa wapenzi wa michezo ya vita vya vikaragosi. Toleo la kwanza lilikuwa sanduku la rangi ya mbao lenye vijitabu vitatu, na nakala zilizochapwa zilikuwa 1,000 tu.

Hauhitaji ubao, wala hauna mshindi. Watu wanaketi kuizunguka meza. Mmoja wao anaongoza, wengine kila mmoja anashika mhusika wake. Kiongozi anaeleza: mmefika kwenye mlango wa chuma, nyuma yake kuna kitu kinakoroma. Mnafanyaje? Mchezaji anajibu kwa niaba ya mhusika wake, na palipo na uwezekano wa kufaulu au kushindwa, dadu zinaamua. Ni utambaji wa hadithi ambao msikilizaji ana haki ya kumkatiza mtambaji na kuipindisha njia.

Mhusika huandikwa kwenye karatasi moja. Juu kabisa hukaa sifa sita: nguvu, akili, hekima, wepesi, ustahimilivu na haiba. Kwa mtindo wa zamani kila sifa ilipatikana kwa kurusha dadu tatu na kujumlisha, ndiyo maana alama zilianzia 3 zikakomea 18. Mwenye nguvu 18 ni pandikizi la mtu. Mwenye 3 hawezi hata kuunyanyua upanga wake mwenyewe. Zikifuata alama za uhai, silaha na kazi ya mhusika, mtu amekamilika. Angalau ndivyo ilivyodhaniwa.

Odini ana alama ngapi?

Hamu ya kuwapima watu mashuhuri ilianza mapema, hata kabla ya televisheni kuingia. Mwaka 1976 ulitoka kijitabu kilichoitwa Gods, Demigods & Heroes, kazi ya Robert Kuntz na James Ward, ambacho kiliwapa nambari miungu wa Ugiriki, Misri na nchi za kaskazini mwa Ulaya, pamoja na mashujaa wa riwaya kama Conan. Odini, baba wa miungu wa kaskazini, alipewa alama za uhai 300. Mhariri, Tim Kask, aliandika katika dibaji kwamba nia mojawapo ilikuwa kuwaaibisha viongozi wa mchezo waliokuwa wakiwagawia wachezaji wao madaraka yasiyo na kipimo: ikiwa Odini mwenyewe ana 300, wewe uliyempita hata yeye unajiita nani?

Somo halikuwaingia. Kwa wachezaji wengi kile kilikuwa kitabu cha windo. Mtu akishajua Odini ana uhai wa 300, swali linalofuata ni namna ya kuzimaliza zote 300.

Kuanzia mwaka 1979, jarida la Dragon lilikuwa na safu ya Giants in the Earth, iliyoasisiwa na Lawrence Schick na Tom Moldvay, kazi yake ikiwa ni kuwachukua mashujaa wa riwaya za njozi na kuwaandikia karatasi za mchezo. Mtindo ulikuwa uleule wa mizani ya sokoni: huyu ana nguvu kiasi gani, yule yuko daraja la ngapi. Ulifaa kwa ubishi wa vijiweni, nani angemshinda nani. Ulikuwa kimya kuhusu kwa nini msomaji alimpenda mhusika huyo tangu mwanzo.

Mawakili nao walikuwa wakisoma. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wenye haki za kibiashara za kazi za Tolkien walipolalamika, kampuni ya TSR iliyochapa mchezo ililazimika kubadilisha majina. Hobiti wakawa watu nusu, miti inayotembea ikapewa jina jingine, na pepo mkubwa wa moto akabatizwa upya. Kitabu cha Deities & Demigods cha mwaka 1980 kilianza kuuzwa kikiwa na sura za ulimwengu wa Cthulhu na za mfalme Elric, vyote vya riwaya za watu wengine; matoleo ya baadaye yakatoka bila sura hizo. Nakala za kwanza hutafutwa na wakusanyaji hadi leo. Kuanzia hapo kila aliyetaka kumwingiza mhusika wa mtu mwingine katika kitabu cha kuuzwa alijua kwamba hatua ya kwanza ni mkataba.

Upinde usiomwua mtu

Katuni ya 1983 haikuwa na shida ya mkataba, kwa kuwa wenye mchezo ndio waliokuwa wenye katuni. Gygax alihamia California kusimamia shughuli za filamu na televisheni. Marvel Productions ndiyo iliyotayarisha vipindi, na michoro ilifanywa Japani na Toei Animation. Vipindi 27 vilirushwa hadi mwaka 1985.

Shida ilitoka kwingine. Televisheni ya watoto ya Jumamosi asubuhi ilikuwa na masharti makali kuhusu ukatili. Mlinzi wa Nyika katika kitabu cha kanuni ni muuaji wa majitu. Hank wa kwenye kioo ana upinde wa mwanga ambao mishale yake aghalabu hufunga, huangaza njia au huangusha mawe mbele ya adui. Katika kipindi kimoja, The Dragon's Graveyard, kilichoandikwa na Michael Reaves, watoto wanachoshwa na Venger, mchawi mwenye pembe moja anayewawinda kila siku, wakaanza kuwaza kumwua. Wazo hilo peke yake lilitosha kukiweka kipindi katika hatari ya kutorushwa. Kwenye meza ya mchezo, wachezaji wangelifikia wazo hilohilo dakika ya kumi.

Eric naye ana kisa chake. Yeye ndiye mlalamishi: anataka warudi nyumbani, anaiona hatari kabla ya wenzake, anabeza kila mpango. Mark Evanier, aliyeandika kipindi cha kwanza, alikuja kueleza miaka mingi baadaye kwamba tabia hiyo iliwekwa kwa shinikizo la washauri wa vipindi vya watoto, waliotaka hadithi zifundishe kwamba kundi huwa sahihi na anayelalamika huwa amekosea. Hivyo hata pale Eric alipokuwa na hoja, hadithi ilimpangia kushindwa. Karatasi ya mchezo ya mwaka 1983 ingeandika: Mpanda Farasi, ngao ya miujiza, nguvu kadhaa, uhai kadhaa. Ulalamishi, ambao ndio Eric mwenyewe, usingepata mstari.

Kulikuwa na njia ya mkato, nayo ilitumika. Kampuni ya LJN ilitengeneza vinyago vya mashujaa na maadui wa mchezo, akina Warduke na Strongheart, na TSR ikawatolea nambari zao katika kijitabu cha The Shady Dragon Inn mwaka 1983. Baadhi yao walionekana pia katika katuni. Hao walikuwa rahisi kuandikwa. Kinyago cha plastiki hakina tabia ya kupotea njiani. Ukishaandika upanga wake na ngao yake, umemmaliza.

Nani atakubali kuwa Gabrielle?

Miaka ya 1990 ilileta mashujaa wa kike. Xena, mbabe wa vita aliyetubu, alianza kama mgeni katika tamthilia ya Hercules mwaka 1995, akapewa tamthilia yake mwaka huohuo, na kazi yote ikipigwa picha New Zealand. Mwaka 1998 West End Games, kampuni iliyokuwa imejijengea jina kwa mchezo wa Star Wars wa mwaka 1987, ilitoa mchezo wa Hercules na Xena. Haukupata nafasi ya kukua; kampuni ilifilisika mwaka huohuo.

Lakini tamthilia ya Xena ilikuwa imeliweka mezani swali ambalo mizani ya misuli haikuweza kulijibu. Xena anawamaliza majambazi kumi kabla chakula hakijaiva. Rafiki yake Gabrielle, mwanzoni, ni msichana wa kijijini mwenye ulimi mtamu na fimbo. Kwenye kioo wawili hao wanakamilishana, na mtazamaji hawezi kusema nani anampenda zaidi. Mezani mambo ni tofauti. Wakiketi marafiki wanne jioni, mmoja akashika karatasi ya Xena, wengine watatu watafanya nini vita vikianza? Watatazama. Na mtu hakutoka kwao usiku kuja kutazama mwenzake akirusha dadu.

Alama ishirini za Xander

Jibu lilitoka mwaka 2002, katika mchezo wa Buffy the Vampire Slayer. Tamthilia hiyo ya Joss Whedon ilianza Machi 1997 ikaisha Mei 2003, vipindi 144, ikimsimulia msichana wa shule katika mji wa Sunnydale, California, aliyeteuliwa kupambana na vampaya na mapepo. Buffy anavunja milango kwa teke. Pembeni yake yupo Xander, kijana wa kawaida asiye na uchawi wala nguvu, ambaye silaha yake kubwa ni utani.

C. J. Carella, aliyeutunga mchezo huo kwa ajili ya kampuni ya Eden Studios, hakujaribu kumwongezea Xander misuli. Aliwagawa wahusika makundi mawili. Mashujaa, kama Buffy, wanapata alama nyingi za kujengea nguvu na ujuzi. Wenzao wa kawaida wanapata chache zaidi, ila wanafidiwa kwa kitu kingine: alama za drama. Shujaa anaanza na 10. Mtu wa kawaida anaanza na 20.

Tazama zinavyofanya kazi. Mchezaji hurusha dadu moja ya pande kumi, anajumlisha sifa na ujuzi, na akifikisha 9 amefaulu. Tuseme kijana wa kawaida, mwenye nguvu 2 na ujuzi 2 wa kupigana, anamvamia vampaya aliyemkaba rafiki yake. Dadu inaangukia 3. Jumla 7: amekosa, naye atarushwa ukutani. Lakini mchezaji anatoa alama moja ya drama na kusema hapana, si leo. Alama hiyo inamwongezea 10. Jumla inakuwa 17, na kigingi kinaingia kifuani mwa vampaya. Alama nyingine inaweza kupunguza kwa nusu majeraha aliyoyapata, kwa namna ya yule mtu wa sinema anayejipangusa vumbi na kusema hajaumia. Nyingine inambana kiongozi wa mchezo alete bahati njema pale mambo yalipoharibika kabisa.

Ukiitazama vizuri, kanuni hiyo haipimi mwili wa mtu. Inapima nafasi yake katika hadithi. Buffy ana nguvu muda wote. Xander ana nguvu pale tu ambapo mwandishi wa tamthilia angempa nguvu. Na tamthilia ilimpa. Tarehe 21 Mei 2002, msimu wa sita ulimalizika kwa Willow, rafiki yao mchawi, kutaka kuiteketeza dunia kwa uchungu wa kufiwa. Buffy hakuweza kumzuia. Aliyemzuia ni Xander, kwa kusimama mbele yake bila silaha na kumkumbusha kalamu ya rangi ya njano aliyoivunja siku ya kwanza ya chekechea. Kwa mizani ya mwaka 1979, Xander angeuawa kwa mzungu mmoja. Kwa kanuni za Carella, alikuwa mtu aliyekuja na akiba yake yote na kuitumia usiku mmoja.

Anayesema ndiye anayetangulia

Mchezo wa Doctor Who ulienda hatua nyingine. Tamthilia hiyo ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1963, ilikuwa tayari imefanywa mchezo mara mbili, na FASA mwaka 1985 na tena na Virgin mwaka 1991. Ugumu ulikuwa palepale: Daktari, msafiri wa nyakati, ni nadra kushika bunduki. Anaokoa sayari kwa maneno na kwa kukimbia. Michezo mingi ya mezani, kwa upande wake, ilirithi mifupa ya michezo ya vita, ambamo ugomvi ukianza mwenye wepesi ndiye hupiga kwanza.

Mwaka 2009 kampuni ya Cubicle 7 ilitoa mchezo mpya ulioandikwa na David Chapman. Ndani yake mlikuwa na kanuni fupi inayoweza kuandikwa kwenye kiganja. Hatari ikitokea, wanaotaka kuongea hutangulia. Kisha wanaotaka kukimbia. Kisha wanaofanya kazi nyingine, kama kufungua mlango au kurekebisha mtambo. Wanaotaka kupigana huja mwisho kabisa.

Basi. Dalek, adui wa Daktari, yuko mlangoni, bunduki tayari, lakini hawezi kufyatua hadi Daktari amalize hotuba yake na wenzake wamekwisha kutoka mbio. Mchezaji anayepigana si kwamba amekatazwa; anajikuta amechelewa. Watoto wanaocheza mchezo huo hujifunza baada ya raundi mbili kwamba ulimi una mwendo kuliko risasi, na wanaanza kuongea kama Daktari bila ya mtu kuwaambia.

Njia ya kinyume

Wakati hayo yakiendelea, wapo waliokuwa wakitembea kinyume, kutoka mezani kwenda kwenye kioo. Huko Japani, mwaka 1986, jarida la Comptiq lilianza kuchapisha maandishi ya mchezo wa Dungeons & Dragons kama ulivyochezwa na kundi la Group SNE, kauli kwa kauli, pamoja na makosa na vicheko. Kiongozi wa mchezo alikuwa Ryo Mizuno. Mhusika aliyependwa kuliko wote, Deedlit, binti wa jamii ya watu wa msituni wenye masikio marefu, alichezwa na mwanamume, mwandishi Hiroshi Yamamoto. Maandishi hayo yakawa riwaya, na mwaka 1990 yakawa filamu za katuni za vipindi 13 ziitwazo Record of Lodoss War. Kundi hilo baadaye lilitunga kanuni zake lenyewe, zikiwemo za Sword World za mwaka 1989.

Marekani walikuja kufanya jambo kama hilo kwa kishindo. Tangu Machi 2015, waigizaji wa sauti wakiongozwa na Matthew Mercer walikuwa wakicheza mbele ya kamera, mubashara mtandaoni, katika kipindi cha Critical Role. Mwaka 2019 waliomba wapenzi wao dola 750,000 za kutengenezea katuni fupi. Watu 88,887 walichanga zaidi ya dola milioni 11, na mwezi Januari 2022 The Legend of Vox Machina ikaanza kuonyeshwa na Amazon.

Katika historia yao kuna tukio dogo ambalo mtu wa kanuni hawezi kulipita. Kabla ya kamera, kundi hilo lilicheza kwa kanuni za Pathfinder, ambazo zina kazi ya mpiga bastola. Percy, mtoto wa ukoo wa kitajiri uliochinjwa, alikuwa mpiga bastola. Walipohamia toleo la tano la Dungeons & Dragons ili waonyeshwe mtandaoni, kazi hiyo haikuwemo. Mhusika alikuwepo, kanuni hazikuwepo. Mercer akakaa chini na kumwandikia.

Alichoandika kinamhusu Presto. Bastola za Percy ni za kubuni kwa mkono, na kila moja ina nambari ya hitilafu: dadu ya pande ishirini ikiangukia kwenye nambari hiyo au chini yake, bastola inakwama, na Percy lazima aiache vita na kuanza kuikwangua. Watazamaji wa Vox Machina wanazijua nyakati hizo, adui anakuja na chuma kimegoma. Kuboronga kumepata mstari wake kwenye karatasi, kuna hesabu yake, na mchezaji anausubiri kwa hofu na raha kila dadu inapobingirika.

Mchezo usio na sifa ya nguvu

Mwaka 2021 ndio uliopindua mizani yenyewe. Avatar: The Last Airbender, katuni ya Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, ilirushwa na Nickelodeon vipindi 61 kati ya mwaka 2005 na 2008. Inasimulia dunia ya mataifa manne ambamo baadhi ya watu huamrisha maji, ardhi, moto au hewa kwa miondoko ya mwili. Kampuni ya Magpie Games ilipotangaza mchezo wa mezani wa Avatar Legends, iliomba dola 50,000. Ilipata zaidi ya dola milioni 9.5 kutoka kwa watu zaidi ya 81,000, kiasi ambacho hakuna mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliokuwa umewahi kukichangisha kwenye jukwaa la Kickstarter.

Wengi walitarajia orodha ndefu ya mapigo: mpira wa moto unaumiza kiasi gani, ukuta wa jiwe unazuia nini. Walichokuta kwenye karatasi ni sifa nne tu: ubunifu, utulivu wa fikra, upatanifu na ari. Nguvu haimo. Anayerusha moto na asiye na kipaji chochote wanarusha dadu mbili zilezile za pande sita. Wakifikisha 10 wamefaulu vizuri. 7 hadi 9 wamefaulu kwa gharama. 6 na kushuka, kiongozi wa mchezo anatabasamu. Mtindo huo unatokana na Apocalypse World, mchezo wa mwaka 2010 wa Meguey Baker na Vincent Baker. Moto, maji, upanga au ufundi wa mitambo ni aina tu za mafunzo. Sokka, kijana wa katuni hiyo asiyeamrisha chochote, na bumerangi yake yuko sawa na dada yake anayeamrisha bahari.

Kitu kikubwa kwenye karatasi ni mstari mmoja wenye ncha mbili. Kila aina ya mhusika ina maadili mawili yanayovutana. Mlinzi anavutwa na kujitegemea upande huu, kuwaamini wenzake upande ule. Nyundo, yule mpenda mapambano, ana mabavu na huruma. Mrithi, mtoto wa ukoo wenye madaraka mazito, ana mila na mabadiliko. Kidoto husogea kwenye mstari kadiri mchezo unavyokwenda. Mwenzako anaweza kukukabili na kukwambia: wewe si ndiye uliyeapa kulinda mila za baba yako? Ukikubali, kidoto kinasogea. Kikipita ncha, umepoteza mizani: unaweza kusalimu amri, kukimbia, au kuwaka na kuharibu kilicho mbele yako. Hata majeraha hayahesabiwi kwa damu. Mhusika anachoka, kisha anaanza kubeba hali kama hofu, hasira, hatia au kutojiamini.

Anayeikumbuka katuni ataona hapo mtu mmoja amesimama. Zuko, mwana wa mfalme wa Taifa la Moto aliyefukuzwa, amekula yamini kumkamata Avatar, shujaa wa katuni hiyo, ili baba yake ampokee tena. Katika msimu wa pili, mwaka 2006, anafanya jambo la kwanza linalokwenda kinyume na kiapo hicho: anamwachia huru Appa, yule nyati anayeruka wa Avatar. Muda mfupi baadaye anaanguka kwa homa kali. Hajapigwa na mtu. Ami yake Iroh anamweleza kwamba tendo lile limepingana na picha aliyokuwa nayo juu ya nafsi yake. Mtunga michezo wa mwaka 1979 angehangaika: homa ile imetoka kwa silaha gani, imekula alama ngapi za uhai? Kwa mstari wa Magpie, kidoto kimefika ncha kikapita.

Sanduku la mwaka 2006

Na wale watoto sita wa bustanini? Katuni yao ilisimamishwa bila kipindi cha mwisho. Nchini Brazil, ambako ilipendwa kupita kiasi, kampuni ya magari ya Renault ilitengeneza tangazo mwaka 2019 likiwaonyesha waigizaji wa kweli katika mavazi yao. Mwaka 2023, katika filamu ya Honor Among Thieves, wanapita kwa muda mfupi wakiwa kundi jingine la mateka kwenye uwanja wa mapambano, nguo zilezile, silaha zilezile.

Michael Reaves alikuwa ameandika mwisho. Uliitwa Requiem, nao ulibaki karatasini kwa miaka zaidi ya ishirini, hadi mwaka 2006 vipindi vyote vilipouzwa kwa diski, na mwisho huo ukarekodiwa kama mchezo wa redio, Katie Leigh akirudi kuwa sauti ya Sheila. Ndani yake Venger anajulikana kuwa mwana wa yule mzee wa joho jekundu. Njia ya kwenda nyumbani inafunguka, na watoto wanaulizwa kama wanaondoka au wanabaki. Hadithi inakatika kabla hawajajibu.

Katika sanduku lilelile, kando ya diski, mliwekwa kijitabu chembamba cha kanuni za toleo la mchezo lililokuwa likitumika wakati huo. Wote sita wamo: Hank, Eric, Diana, Sheila, Bobby, na Presto na kofia yake, kila mmoja na nambari zake, tayari kugawiwa watu sita mezani.